Likasi: Treni ndogo ya Panda na kazi ngumu ya kutembea pole pole

Ukiifungulia umeme wote, lokomotivu hii haina shida. Inazunguka meza mara kumi, inapita kando ya sahani za bukari, watoto wanapiga makofi. Shida inaanza pale unapotaka itembee pole pole, kama mashini ya kweli inayoingia kituoni na mabehewa ishirini nyuma yake. Inasimama. Unaongeza kidogo, inaruka kama chura. Unapunguza, inasimama tena. Unaisukuma kwa kidole, inasogea, taa yake inapepesa, kisha inakufa.

Ilifika hapa komini ya Panda ndani ya sanduku la nguo, ikitokea Ubelgiji. Ni zawadi ya ndugu kwa baba yangu mkubwa, ambaye alitumika miaka mingi kwenye treni kabla ya kupumzika. Ni mfano wa mashini ya dizeli ya Ulaya, ya okazyo, ndogo mara 87 kuliko ile ya kweli, urefu wake sentimita 20 hivi. Tumboni ina kompyuta ndogo inayoitwa dekoda, na inaongozwa kwa kisanduku chenye vitufe. Mzee alivaa miwani, akaitazama ikiruka mara mbili, kisha akatoa hukumu yake: hiyo si treni, ni panya. Treni, alisema, haiondoki kwa kuruka. Akarudi kwenye kiti chake.

Maneno hayo yalinikaa. Zawadi iliyotoka mbali namna hiyo haiwezi kuishia juu ya kabati. Kwa wiki kadhaa, kila jioni moto wa SNEL ulipokuwepo, tulitafuta kinachoizuia. Tuliyoyapata yanaweza kumsaidia yeyote mwenye treni ya aina hii, awe Likasi, Bukavu ao Bruxelles.

Pole pole si mchezo kwetu

Wakaaji wa Likasi hawahitaji kuelezwa treni ni nini. Reli ilifika Élisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1910. Mji wetu wenyewe uliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, kwa jina la Jean Jadot, injenia Mbelgiji aliyeongoza ujenzi wa reli ya Beijing–Hankou kule China kabla ya kuwa mkubwa wa Union Minière. Na mwaka 1952 kampuni ya BCK ilianza kuvuta treni kwa umeme kati ya Jadotville na Tenke, umeme wa Herzi 50, aina ile ile inayotoka kwenye mabwawa kwenda viwandani. Ufaransa, iliyokuwa ikijaribu umeme huo kule Savoie, ilifika mwaka 1954 ndipo ikaanza kuutumia kwenye njia yake kubwa ya mizigo ya Valenciennes–Thionville. Jambo hilo lingestahili kufundishwa mashuleni.

Lakini ukimuuliza baba mkubwa juu ya kazi yake, hazungumzi juu ya volti. Anazungumza juu ya mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Kwake, kukimbia kwenye njia iliyonyooka hakuna ufundi. Ufundi ulikuwa katika kupanga mabehewa: kusukuma, kurudi nyuma, kugusa behewa lililosimama bila kuligonga. Mekanisiye mbaya, kwa maneno yake, ni yule ambaye mabehewa yake yanasikika mpaka Shituru.

Kuna upande mwingine usiochekesha. Novemba 2017, treni ya mizigo iliyobeba mafuta ilianguka bondeni Buyofwe, teritwari ya Lubudi, jimbo la Lualaba, watu zaidi ya 30 wakafa. Machi 2022, hapo hapo Buyofwe, treni nyingine ya mizigo iliacha reli na watu zaidi ya 60 wakapoteza maisha. Walikuwa wamepanda kwa siri juu ya mabehewa. Mtu aliyeongoza mashini nzito kwenye miteremko ya Katanga haoni mwendo usiotii kuwa jambo la kucheka, hata kama mashini yenyewe inaingia mkononi.

Umeme uko kwenye reli muda wote

Treni ndogo za zamani ziliongozwa kwa njia rahisi. Unaongeza volti kwenye reli, treni inakimbia, unapunguza, inapunguza. Mashini mbili zikiwa kwenye njia moja, zote zinatii pamoja. Njia ya kidijitali, inayoitwa DCC, ilibadilisha hayo. Msingi wake ulitoka kwa kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na chama cha Marekani cha wapenda treni ndogo, NMRA, kikaufanya kuwa kanuni ya wote katika miaka ya 1990.

Kwa njia hii reli zina umeme kamili muda wote, volti 15 hivi, hata treni ikiwa imesimama. Umeme huo unageuka upande huu na ule maelfu ya mara kwa sekunde, na kugeuka huko ndiko kunakobeba ujumbe. Mgeuko mfupi, wa sehemu 58 za milioni ya sekunde, unasomwa kama 1. Mgeuko mrefu, wa sehemu 100 na kuendelea, unasomwa kama 0. Kila lokomotivu ina namba yake. Dekoda inasikiliza, na ikisikia namba yake inaipa mota umeme kwa vipande vifupi vifupi: vipande vyembamba kwa mwendo mdogo, vipana kwa mwendo mkubwa.

Hapo ndipo shida ya chura inapozaliwa. Mota ya zamani ikikosa umeme kidogo, inalegea tu. Dekoda ikikosa umeme inasahau ilichokuwa ikifanya, inazimika, inawaka upya, inasubiri ujumbe, ndipo inaanza tena. Na kukosa umeme kunakuja hasa wakati wa mwendo mdogo. Piga hesabu. Kilometa 5 kwa saa, mwendo wa mtu, kwa treni ndogo mara 87 ni milimita 16 kwa sekunde. Doa la uchafu la milimita moja linakata umeme kwa sehemu moja ya 16 ya sekunde. Treni ile ile ikikimbia sentimita 20 kwa sekunde, doa hilo linapitwa kwa sehemu moja ya 200, na uzito unaozunguka ndani ya mashini unaivusha bila mtu kujua. Ndiyo maana inakimbia vizuri na kutembea vibaya.

Uchafu kwanza, kompyuta baadaye

Nilifanya kosa la vijana wote: nilianza na kompyuta. Jioni mbili nzima nilibadilisha namba ndani ya dekoda, na chura akabaki chura. Ni baba mkubwa aliyeuliza, bila kuinuka kwenye kiti, kama reli zilikuwa zimefutwa.

Hazikuwa zimefutwa. Tuko kiangazi, na kila anayeishi Panda anajua vumbi jekundu la miezi hiyo: liko mezani, liko kitandani, liko kwenye chai. Tulipitisha kitambaa cheupe chenye alkoli ya famasi, ile ya digrii 90, juu ya reli. Kitambaa kilitoka cheusi. Si vumbi peke yake; ni mafuta ya mashini, jasho la vidole, na masizi ya cheche ndogo zinazoruka kati ya gurudumu na reli. Alkoli ya digrii 70 ina maji mengi mno, haifai sana. Usitumie karatasi ya msasa. Inang'arisha kwa siku moja, lakini inaacha mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo inashika uchafu zaidi kuliko mwanzo.

Kwa magurudumu, kuna njia ambayo watoto waliipenda. Unatandika kitambaa chenye alkoli juu ya reli, unaweka nusu ya lokomotivu juu ya kitambaa na nusu nyingine juu ya reli tupu ili ipate umeme, unaishika kwa mkono, unaifungulia. Magurudumu yanazunguka na kujisafisha yenyewe. Kisha unaigeuza na kufanya upande wa pili.

Baada ya kazi hiyo moja, mwendo ulikuwa umebadilika nusu nzima, na hakuna feza iliyotoka isipokuwa ya chupa ndogo ya alkoli.

Magurudumu manane, lakini manne yanafanya kazi

Nusu ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Lokomotivu ina magurudumu manane. Mawili yamevalishwa pete za mpira ili yasiteleze, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo hayo yameondoka kwenye hesabu. Yanabaki sita. Kila moja linapaswa kuguswa, kwa nyuma, na kipande chembamba cha shaba kinachopeleka umeme kwa dekoda. Tulipima kwa multimetri, gurudumu moja baada ya jingine: mawili yalikuwa hayafikishi kitu. Vipande vyao vilikuwa vimepinda na kuacha nafasi ya unywele mmoja. Treni iliyokufa kwa kukosa shaba, katika mji huu. Tulivirudisha kwa ncha ya sindano, kwa taratibu, maana ukikaza mno gurudumu linashindwa kuzunguka.

Reli zenyewe zinahitaji kuangaliwa vivyo hivyo. Vile vyuma vidogo vinavyounganisha kipande cha reli na kingine, eklisi, vinashika kutu na kulegea, na umeme unafika mwisho wa njia ukiwa umechoka. Dawa ni kulehemu waya kwenye kila kipande cha reli na kuupeleka kwenye nyaya mbili nene chini ya meza. Mahali pabaya kuliko pote ni pale njia inapogawanyika. Katika njia za bei ndogo, moyo wa mgawanyiko huo ni plastiki, na lokomotivu fupi inayotembea pole pole inakaa juu yake bila umeme. Anayeweza anunue ule wenye moyo wa chuma na kuupa waya wake. Sisi tuliuondoa mgawanyiko huo njiani kwa sasa.

Kisha tulifungua mashini yenyewe. Grisi ya kiwandani, ikikaa miaka mingi, inakuwa kama gundi. Tulitoa meno yote, tukayaosha, tukaweka tone moja moja la mafuta mepesi. Mafuta mengi ni adui: yanafika kwenye magurudumu, na unarudi mwanzo. Kabla ya kurudisha dekoda kuna jaribio moja ambalo halidanganyi. Tenganisha kabisa waya za mota na dekoda, la sivyo utaiunguza, kisha iunganishe mota na mawe mawili ya tochi, volti 3 tu. Mota nzuri yenye meno mazuri inazunguka taratibu bila kusita. Ikisita mahali pamoja kila mzunguko, kuna jino limepasuka ao uchafu umebaki, na hakuna namba ya kompyuta itakayoficha hiyo.

Namba zinazofanya kazi

Ndipo tukarudi kwenye dekoda. Mambo yake yanapangwa kwa namba zinazoitwa CV, na la kwanza ni kuandika namba za zamani zote kwenye daftari. Ukipotea kabisa, kwenye dekoda nyingi kuandika 8 katika CV8 kunarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani.

CV2 ndiyo umeme wa kuondokea. Weka kisanduku kwenye hatua 128 za mwendo badala ya 28, ita hatua ya kwanza, kisha uongeze CV2 moja moja mpaka magurudumu yaanze kuzunguka, usipite hapo. CV5 ni mwendo wa juu kabisa. Watu wanaiacha ilivyo, na hapo wanakosea. Mashini ya kupanga mabehewa haina haja ya kukimbia. Ukishusha CV5, hatua zile zile zinagawana nafasi ndogo zaidi, na kila hatua inakuwa nyepesi mkononi. CV6, mwendo wa katikati, iwe chini ya nusu ya CV5, ili hatua nyingi ziangukie upande wa pole pole. CV3 na CV4 ndizo uzito: zinaifanya iondoke na kusimama kidogo kidogo, kana kwamba inavuta tani mia. Hizi mbili ziache sifuri mpaka mwisho, vinginevyo zitakuficha makosa mengine.

Jambo zuri kuliko yote katika dekoda za leo ni masikio yake. Mara nyingi kwa sekunde, dekoda inakata umeme wa mota kwa muda mfupi sana na kupima umeme ambao mota yenyewe, kwa kuzunguka, inautengeneza, kama dinamo ya baiskeli. Ikiona mota imepunguza kwa sababu ya mlima ao mzigo, inaongeza. Ikiona imezidisha, inapunguza. Mekanisiye anafanya hivyo kwa sikio na kwa makalio yake kwenye kiti, alisema baba mkubwa, na safari hii alikuwa ameinuka kuja mezani. Nguvu ya kusahihisha huko nayo ina CV zake, tofauti kwa kila kampuni. Ikiwa kubwa mno, mashini inatetemeka; ikiwa ndogo mno, inalala. Dekoda mpya za ESU zinaweza kujipima zenyewe: weka sifuri katika CV54, bonyeza F1, lokomotivu inakimbia kwa nguvu kwa muda mfupi na kujiandikia namba. Iwe na nafasi mbele yake. Ya kwetu nusura ianguke mezani.

Akiba ya delestaji

Kilichobaki ni dawa ambayo kila Mkongomani ataielewa bila somo. Sisi tunaishi na delestaji; nyumba inayoweza inanunua batri ya akiba ili taa isizimike. Treni ndogo nayo inaweza kuwa na akiba yake: kondansateri, zinazojaza umeme reli ikiwa safi na kuutoa reli ikikosa. Kampuni kadhaa zinauza akiba hizo zikiwa tayari. Anayejua kulehemu anaweza kutengeneza yake, kwa kondansateri za volti 25, rezistansi ya kupunguza kasi ya kujaza, na dayodi. Usikosee upande wa chanya na hasi: kondansateri iliyogeuzwa inapasuka.

Kuna mtego mmoja. Dekoda nyingi zimepangwa pia kukubali umeme wa njia ya zamani. Ujumbe ukikatika huku akiba ikiendelea, dekoda inaweza kudhani imewekwa kwenye reli za zamani na kukimbia kwa kasi yote. Ruhusa hiyo inaondolewa katika CV29. Kama ilikuwa 6, andika 2.

Baba mkubwa sasa ana malalamiko mengine. Reli hizi, anasema, ni za Ulaya. Ni kweli. Njia yetu ya Katanga ina upana wa milimita 1067, kama ya Zambia na Afrika Kusini, na mfano huu ni wa njia ya milimita 1435. Lakini kuna suluhisho ambalo wapenda treni wa Afrika Kusini na New Zealand wanalitumia: wanatengeneza mashini ndogo mara 64 badala ya 87, na kuziweka juu ya reli hizo hizo za milimita 16.5. Hesabu inatoa 1056, karibu sana na njia yetu. Maana yake, chini ya sanduku la bati lililokatwa na kulehemiwa hapa Panda, magurudumu haya haya yanaweza kubeba mashini ya BCK. Bati tunalo, na mafundi hawajawahi kukosekana kwenye komini hii. Mzee ameanza kuchora kwa penseli.

Kabla ya kuandika habari hii tulifanya jaribio la mwisho. Tulipima meta moja ya reli kwa utepe wa fundi nguo, tukachukua saa ya simu. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, meta hiyo inapaswa kuchukua sekunde 63. Lokomotivu iliondoka bila mtu kuona ilianza lini. Ilipita eklisi ya kwanza, ya pili, taa yake ikiwa imetulia. Watoto walichoka kusubiri wakatoka nje. Baba mkubwa aliinama mpaka macho yake yakawa sawa na reli.

Kwenye sekunde ya 58, SNEL ikakata moto Panda nzima. Chumba kikawa giza, na kwenye meza taa mbili ndogo za lokomotivu ziliendelea kusogea, upana wa kiganja hivi, kabla ya kufifia. Sekunde tano za mwisho tutazipima moto ukirudi.